Kupanda Kunachosha, Kushuka Kunaumiza

Hotuba ya kine mmoja (mtaalamu wa tiba ya viungo) kwa waendeshaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, Goma

Jambo kwenu wote. Jambo wazee wetu, jambo mama zetu wa soko la Virunga mnaongojea kabichi na viazi vifike, jambo vijana. Aksanti kwa kuja, maana najua saa hizi kila mmoja wenu angekuwa barabarani anatafuta franka.

Kiongozi wa chama chenu ameniita daktari aliponikaribisha. Mimi si daktari, mimi ni kine. Kazi yangu ni kurudisha viungo vilivyochoka, na baadhi yenu mmeshalala kwenye meza yangu mkipiga kelele. Nimeombwa nieleze mwili unatoa wapi nguvu ya kusukuma chukudu, na kwa nini miguu inauma. Nitaanza na neno linaloleta ubishi kila nikilisema: kupanda kutoka hapa mpaka Kibumba kunawachosha, lakini kinachowavunja miguu ni kurudi, mkiteremka na mzigo.

Naona vichwa vinatikisika kule nyuma. Sawa. Nipeni muda.

Binadamu ana misuli zaidi ya 600 inayoendesha viungo vyake, na kwa mwanaume wa kawaida inakaribia asilimia 40 ya uzito wake. Yote inajua kazi moja tu, kuvuta. Hakuna msuli unaosukuma. Unapoisukuma chukudu, msuli wa tako unavuta paja lirudi nyuma, wa mbele ya paja unavuta goti linyooke, wa shavu la mguu unavuta kisigino kipande. Ardhi inasukumwa kwa sababu mifupa imevutwa kwa mpango. Ndiyo maana karibu kila msuli una mwenzake upande wa pili wa mfupa, wa kurudisha kile ulichovuta.

Ndani ya msuli kuna nyuzi, na ndani ya kila uzi kuna nyuzi nyembamba zaidi za aina mbili, aktini na miosini, zimepishana. Miosini ina vichwa vidogo. Kichwa kinashika aktini, kinaivuta, kinaachia, kinashika tena mbele kidogo, kama vijana wanaovuta mtumbwi kwa kamba pale Kituku, mikono ikipokezana. Nyuzi zenyewe hazifupiki, zinateleza tu zikiingiliana, na msuli mzima ndio unaofupika. Jambo hili lilijulikana mwaka 1954, makundi mawili ya watafiti yalipolitangaza kwa pamoja: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine. Hao Huxley wawili hata hawakuwa ndugu.

Kichwa cha miosini kikishashika, hakiachii bure. Kinahitaji chembe ya kitu kinachoitwa ATP, ndiyo inayobeba nguvu ya msuli, ili kiachie na kijiweke tayari kuvuta tena. Mtu akifa, ATP inaisha, vichwa vinabaki vimeshika pale pale, na mwili unakakamaa baada ya saa chache. Mama zetu waliowahi kuosha na kuvalisha marehemu wanajua: ukichelewa, mkono haukunjiki tena.

Sasa, hiyo ATP akiba yake ni ndogo mno. Mwili mzima una gramu kama 50 hadi 100 kwa wakati mmoja. Msuli unaofanya kazi kwa nguvu zote ungeimaliza kwa sekunde mbili tatu, kwa hiyo mwili unaitengeneza upya bila kukoma. Ukijumlisha yote inayotengenezwa na kutumika kwa siku moja, uzito wake unakaribia uzito wa mtu mwenyewe.

Tuipande hiyo barabara sasa.

Unapoing'oa chukudu iliyosimama na magunia ya makala (makaa ya kupikia) juu yake, sekunde za kwanza unatumia kreatini fosfeti, akiba nyingine ndogo iliyomo ndani ya msuli. Inarudisha ATP papo hapo, lakini inaisha kwa sekunde kama 10. Hapo ndipo mnaposukuma kwa mguno mmoja mkali, na mnajua bila kufundishwa na mtu kwamba wa pili wa aina hiyo lazima ungoje. Ukipumzika dakika tatu hadi tano, akiba hiyo inajaa tena karibu yote.

Ukiendelea kusukuma kwa nguvu, msuli unavunja sukari yake wenyewe, glikojeni, bila kungoja oksijeni. Ni njia ya haraka, ila ni ya hasara: chembe moja ya glukosi inatoa ATP 2 au 3 tu. Inafaa kilima kifupi kikali, dakika moja au mbili, na mapaja yanawaka. Kibumba haipandwi hivyo. Inapandwa kwa njia ya tatu, ndani ya mitokondria, vile vijumba vidogo vya nguvu ndani ya uzi wa msuli, ambako oksijeni inaiunguza glukosi ile ile mpaka mwisho na kutoa ATP kama 30, na mafuta ya mwili nayo yanaunguzwa. Njia hii ni ya pole pole, lakini inaweza kwenda saa nyingi. Zote tatu zinafanya kazi pamoja tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni ipi inabeba sehemu kubwa.

Na hewa yetu si ya Kinshasa. Goma iko mita kama 1500 juu ya bahari, oksijeni katika kila pumzi imepungua kwa asilimia kama 15. Pale juu kwenye mdomo wa volkeno yetu ya Nyiragongo, mita 3470, imepungua kwa karibu theluthi. Ninyi mliokulia hapa hamuhisi. Mpeni mgeni wa Kinshasa chukudu tupu, mtamkuta Munigi ameketi juu ya jiwe.

Juu ya chakula nitasema machache, kwa kuwa mama zenu wanajua zaidi. Misuli yote inahifadhi glikojeni kama gramu 400, ini kama gramu 100. Inatosha kazi nzito ya saa moja na nusu, labda mbili. Usiku umelala, misuli imetulia, lakini ubongo haulali: unachukua karibu moja ya tano ya nguvu zote za mwili uliopumzika, na sukari yake inatoka kwenye ini. Asubuhi ini limebaki na kidogo. Kijana anayeondoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni, halafu akifika nusu ya njia anatetemeka na kuona giza, miguu yake bado ina sukari yake. Ini ndilo limekauka, na ubongo unalia. Bugali au viazi vya kutosha jioni, ndizi mbili mfukoni asubuhi, maji. Sina dawa nyingine ya hilo, na msiwanunulie wanaouza.

Mtasikia watu wengi, hata makocha wa mpira, wakisema kwamba maumivu ya kesho yake ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Maneno hayo yamezeeka. Laktati, ndiyo hiyo wanayoiita asidi, inayotengenezwa unaposukuma kwa nguvu inabebwa na damu. Moyo unaila kama chakula, misuli mingine inaila, ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Ukipumzika, ndani ya saa moja hivi imerudi kiwango chake cha kawaida. Kitu kilichoondoka kabla hujaoga jioni hakiwezi kukufanya ushindwe kuchuchumaa kesho kutwa.

Kabla sijateremka, lazima tupite kwa mwenye kutoa amri.

Kila uzi wa msuli unangoja neva. Amri inatoka kwenye ubongo, inavuka kwenda upande wa pili pale chini ya ubongo (ndiyo maana mtu aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto wa ubongo anapooza mkono wa kulia), inashuka kwenye uti wa mgongo, inapokelewa na neva nyingine inayokwenda mpaka msulini. Neva nene za misuli zinapitisha amri kwa mwendo wa mita 60 hadi 120 kwa sekunde. Inapofika mwisho, neva inamwaga tone dogo la asetilikolini, kemikali ya kupitisha amri, uzi wa msuli unapata mshtuko wa umeme, kalisiamu inafunguliwa ndani yake, na hapo tu ndipo miosini inaruhusiwa kushika. Yote hayo yanapita kabla hujamaliza kufumba jicho.

Neva moja haiamrishi uzi mmoja. Kwenye misuli ya jicho, neva moja inashika nyuzi kama 10, kwa sababu jicho linataka kusogea kidogo kidogo na kwa usahihi. Kwenye shavu la mguu, neva moja inaweza kushika nyuzi zaidi ya elfu moja. Na mwili unaita neva ndogo kwanza, kubwa baadaye, kadiri mzigo unavyoongezeka. Mpango huo ulionyeshwa na Mmarekani Elwood Henneman. Kwa hiyo kijana mwembamba aliyezoea anaweza kumshinda mnene aliyeanza jana. Wiki za kwanza za mazoezi, nguvu inaongezeka wakati msuli wenyewe bado haujanenepa, kwa kuwa neva zimejifunza kuitana kwa pamoja na kwa wakati.

Mnataka kuona neva zikifanya kazi bila kumuuliza mwenyewe? Tembea bila viatu juu ya mawe yetu haya ya volkeno. Unyayo ukikanyaga ncha kali, mguu unaruka kabla hujasikia uchungu. Habari imefika kwenye uti wa mgongo na amri imerudi kutoka pale pale, wakati sehemu ya habari ya uchungu ingali njiani kwenda ubongoni kwa neva nyembamba, zile zinazotembea mita moja au mbili kwa sekunde. Wakati huo huo mguu wa pili umekaza, ili usianguke. Na msuli unaopingana na ule ulionyanyua mguu umeambiwa ulegee. Mwingereza Charles Sherrington alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza mambo haya, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1932. Alichoonyesha ni kwamba kunyamazisha msuli ni kazi ya neva sawa na kuuamsha.

Mwenye kubisha aangalie pepopunda. Sumu ya kidudu cha pepopunda inazuia ile amri ya kulegea, na misuli yote inavuta kwa pamoja, mpaka taya linafunga na mgongo unapinda. Misuli ni mizima kabisa. Kidudu hicho kinaingia kwa kidonda cha msumari au cha jiwe lenye udongo, na ninyi mnapata vidonda hivyo kila wiki. Chanjo ipo. Nitarudi kuwauliza nani ameikamilisha.

Ama yule anayeyumba akitoka kwenye kasiksi. Msimcheke miguu, miguu yake haina kosa. Pombe imeshika ubongo mdogo wa nyuma, ule unaopima hatua na kusahihisha mwendo. Na huyo huyo akipanda chukudu yenye mzigo kwenye mteremko, mtanielewa kwa nini nasisitiza.

Mfano wa mwisho ni mchungu zaidi. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Umejulikana zaidi kule mkoa wa Kwango, lakini hapa kwetu pia, Kivu ya Kusini, umeonekana Burhinyi. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, anatembea kwa vidole akivuka miguu kama mkasi, na hali hiyo haiponi. Inampata zaidi mtoto na mama. Chanzo ni mihogo michungu iliyotayarishwa kwa haraka, watu wamesongwa na njaa au vita, hawakuilowesha siku zinazohitajika. Sumu ya sianidi inabaki, na mwili ambao haupati samaki, nyama wala maharagi ya kutosha hauna cha kuitolea nje. Sumu inaharibu zile neva za juu, zinazoshusha amri kutoka ubongoni. Misuli imebaki na nguvu zake, lakini hakuna anayeiongoza. Kwa hiyo mama anayelowesha mihogo siku tatu na kuongeza sambaza kidogo, vile visamaki vya ziwa, juu ya sombe ya majani ya mihogo analinda miguu ya watoto wake kuliko mimi na meza yangu.

Haya. Tumefika juu, mmepakia kabichi, viazi, maharagi. Tunateremka.

Wakati wa kupanda, msuli unavuta huku ukifupika. Wakati wa kushuka, uzito wa mzigo unataka kukukimbia, na wewe unauzuia, iwe kwa kukanyagia mpira wa breki nyuma, iwe kwa kushuka chini na kuushikilia kwa mwili mzima. Goti linakunjika pole pole chini ya uzito, na msuli wa mbele ya paja unavuta huku ukirefushwa kwa nguvu. Vichwa vya miosini vimeshika, na mzigo unavibandua. Msuli unaorefushwa hivyo una nguvu zaidi kuliko unaofupika, na unatumia nyuzi chache kwa uzito ule ule. Nyuzi chache zikibeba yote, kila moja inabeba kupita kiasi.

Mwaka 1952 huko Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie walichukua baiskeli mbili zilizofungwa chini, wakaziweka zikipeana mgongo, wakaziunga kwa mnyororo mmoja. Mmoja anakanyaga kwenda mbele, mwingine anazuia. Nguvu za hao wawili ni sawa sawa, maana mnyororo ni mmoja. Lakini anayezuia alitumia oksijeni mara kadhaa chini ya anayekanyaga. Walipoionyesha mbele ya watu, mwanamke mwenye umbo dogo alikaa upande wa kuzuia na kumchosha mwanaume mkubwa aliyekuwa akikanyaga. Mama zetu, pigeni makofi.

Hapo ndipo udanganyifu wa mteremko ulipo. Ukishuka, pumzi haikuishi, moyo haupigi sana, jasho ni kidogo. Unajiambia, leo naweza kuongeza gunia. Pumzi inapima oksijeni tu, haipimi kinachoendelea ndani ya nyuzi. Na ndani ya nyuzi, sehemu ndogo ndogo zimevutika mpaka zimepasuka, kalisiamu inavuja mahali isipotakiwa, mwili unatuma chembe za kusafisha na kutengeneza, msuli unavimba kidogo, na neva za uchungu zilizo pembeni zinakuwa kali. Hayo yanachukua muda. Kwa hiyo uchungu haufiki jioni ile. Unafika kesho yake, unakuwa mkali zaidi siku ya pili au ya tatu, halafu unapungua. Mmarekani Theodore Hough aliandika tangu mwaka 1902 kwamba uchungu wa namna hiyo unatokana na kuchanika ndani ya msuli, na watu bado wanazungumza juu ya asidi.

Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka. Mteremko mmoja wa mzigo mdogo unaulinda kwa wiki kadhaa. Ukirudia, uharibifu ni mdogo zaidi ya mara ya kwanza. Wazee mlio hapa hamuumwi kama vijana, na si kwa sababu ya roho ngumu peke yake. Kwa hiyo ninaomba chama, na naomba kwa heshima: kijana mpya asipewe mzigo kamili wa kushusha safari ya kwanza kwa sababu tu ameweza kupanda. Mpeni nusu. Aongeze wiki kwa wiki. Na aliyekaa nyumbani mwezi mzima kwa ugonjwa au kwa usalama wa barabara, huyo naye ahesabiwe kama mpya.

Jambo moja ni la hatari. Ukishuka na mzigo mkubwa kupita kawaida, na kesho yake mapaja yamevimba na mkojo umekuwa na rangi ya chai nyeusi, usingoje. Msuli umevunjika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu, na figo zinaweza kuziba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukinywa maji njiani. Na tafadhali, ile diklofenaki ya kununuliwa kando ya barabara, vidonge viwili asubuhi ili uweze kusukuma: mtu aliyekauka maji akimeza hivyo kila siku, anaumiza figo zile zile.

Goti linalopigwa juu ya mbao nitalisemea kwa ufupi. Kile kipande cha mpira mnachopigilia pale goti linapokaa kiwe kinene, kibadilishwe kikishalala. Nje ya goti, chini kidogo, kuna neva inayopita karibu kabisa na ngozi, juu ya mfupa mwembamba. Ikibanwa muda mrefu, mguu unapata ganzi upande wa juu wa unyayo, na vidole vinashindwa kunyanyuka, unaburuta kandambili. Ganzi ya dakika chache haina shida. Ikibaki mpaka kesho yake, njoo unione, usiikandamize kwa kazi. Na badilisheni goti, leo la kulia, kesho la kushoto. Najua mnasema upande mmoja ndio unajua kusukuma, lakini neva za upande wa pili zitajifunza zikipewa wiki chache.

Nimesema mengi, na kuna mama ananionyesha saa. Tuchukue maswali. Walio na ganzi iliyokaa zaidi ya siku mbili waje kwanza hapa mbele, halafu wale ambao hawajakamilisha chanjo ya pepopunda wanyanyue mkono niwaone.